Bomba linalopiga shoti bila kugusana na waya

Ndugu uliyeuliza kwa nini bomba la chuma shambani kwako linakupiga shoti ilhali halijagusana na waya wowote: hapo si lazima kuna umeme unaovuja. Laini kubwa ya umeme inayopita karibu, ya kilovolti 220 au 400, ina mkondo unaogeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na uga wake wa sumaku (eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka) unazalisha volti kwenye chuma chochote kirefu kinachokwenda sambamba nayo, kama ndani ya transfoma. Bomba likikatiza laini kwa pembemraba, athari ni ndogo mno. Likiandamana nayo kilomita kadhaa, volti zinajumlishana, na mara nyingi ncha ndizo kali zaidi.

Uzio wa seng'enge kwenye nguzo za miti ni jambo jingine kidogo. Huo unachajiwa na uga wa umeme, na mti mkavu hauruhusu chaji ishuke ardhini. Nimewahi kugusisha tesita ya bisibisi kwenye uzio wa hivyo, taa ikawaka vizuri tu! Dawa yake ni kuunganisha waya na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, sehemu kadhaa.

Bomba usilifanyie hivyo kienyeji, hasa la kampuni lenye kinga ya kutu inayotumia umeme, utaiharibu. Ita fundi apime kwa multimita (kipimo cha umeme) upande wa AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo. Kikomo cha usalama kinachotumika sana ni volti 15. Apime na jioni pia, maana mzigo wa laini ukipanda, volti nazo zinapanda. Kipande kipya weka cha plastiki.