Maswali Yenu: Nikijenga Nyumba ya Kijani, Serikali Inanisaidia na Nini?

Niko na ploti ya futi 50 kwa 100 huku Ruai, Nairobi, nataka kusimamisha bedsitter nane za kijani, yaani zisizoharibu stima na maji. Nimesikia kwa redio eti ukiweka sola serikali inakupunguzia ushuru. Nimeuliza ofisi mbili tatu, kila mtu ananituma kwa mwingine. Ni ukweli ama ni story?
*Mwenye ploti, Ruai*

Ni ukweli nusu. Usipige hesabu na pesa ya serikali, hakuna mtu anakuletea cheki juu umeweka paneli. Nafuu iko kwa bei ya vifaa, na usipoangalia invoisi vizuri inakupita hivi hivi. Vifaa vya sola kama paneli, chaji kontrola na betri za kuhifadhi sola havitozwi VAT, ule ushuru unaoongezwa kwa bei ya bidhaa. Waliondoa hiyo nafuu 2020, kelele ikawa mingi, wakairudisha 2021. VAT ni asilimia 16, so kwa vifaa vya 200,000 hiyo ni 32,000 inabaki mfukoni mwako, na hiyo si pesa ya kuchezea ukiwa katikati ya mjengo.

Sasa kuna maduka yanakuandikia laini moja tu, "sola komplit", paneli na nyaya na swichi na leba zimerundikwa pamoja halafu VAT inapigwa juu ya kila kitu. Mwambie akuandikie kitu kimoja kimoja. Nyaya za kawaida zilipe VAT yake, sawa, lakini paneli isilipe. Akianza kuzungusha maneno toka uende kwingine, kutoka Luthuli mpaka River Road maduka hayaishi. Na fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa kawi, kabla hajapanda juu ya mabati.

Kitu inaniudhi mimi ni ushuru wa kodi ya nyumba, yaani ile pesa wapangaji wanakulipa. Tangu Januari 2024, landilodi anayeingiza kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka analipa KRA, wakusanya ushuru, asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama hata shilingi. Tuseme bedsitter zako nane ni 6,000 kila moja. Hiyo ni 576,000 kwa mwaka, ushuru 43,200. Jirani ambaye hajaweka sola wala tenki analipa hiyo hiyo 43,200. Kama kweli wanataka watu wadogo wajenge kijani wangeanzia hapo, lakini nani atawaambia.

Kwa hivyo weka sola mahali itajilipa yenyewe: taa za koridoo, za geti, na pampu ya kupandisha maji. Shawa za instanti usijaribu, moja inakula wati elfu tano hivi, wapangaji watatu wakioga pamoja asubuhi utatafuta inverta ya hoteli. Na usisahau tenki, paa la mita 100 mraba likipata mvua ya milimita 10 ni karibu lita 1,000, na najua vile bowza inawanyonya huko.

Najenga nyumba yangu ya kuishi na mkopo wa benki, natumia matofali ya intaloki, yale ya udongo ulioshindiliwa yanayoshikana. Payslip tayari inakatwa housing levy, ile ya nyumba za bei nafuu. Kuna kitu narudishiwa? Na sola ikizidi naweza kuuzia watu wa stima?
*Mwajiriwa, Utawala*

Levy ni asilimia 1.5 na hairudi, ila tangu mwisho wa Desemba 2024 inatolewa kwanza ndiyo PAYE, ushuru wa mshahara, ihesabiwe. Nafuu yako kubwa iko kwa riba ya huo mkopo. Unaruhusiwa kutoa mpaka 360,000 kwa mwaka kwa mapato yanayotozwa ushuru, zamani ilikuwa 300,000, na Sheria ya Fedha ya 2025 imeingiza pia riba ya mkopo wa kujenga. Kama uko kwa ile bendi ya asilimia 30 hiyo inaweza kukuokolea hadi 108,000. Itisha benki cheti cha riba uingize kwa iTax, mtandao wa KRA. Lakini lazima iwe nyumba unayoishi mwenyewe, ya kukodisha haihesabiwi, na hakuna mtu atauliza kama ni ya intaloki ama ya mawe.

Kuhusu intaloki, umechagua vizuri, haichomwi na haili simiti mingi ya kuunganisha. Chunga udongo tu! Ule mweusi wa huko kwenu haufai kabisa, unafura ukinyesha na kupasuka ukikauka, agiza muramu nyekundu.

Sola kuuza, kanuni za 2024 zinakubali, lakini hulipwi pesa, unawekewa kredit ya nusu kwa bili yako ya stima. Ukipeleka uniti 10 unahesabiwa 5. Kwa hivyo fua, piga pasi na upige pampu mchana jua likiwa juu.

Je, cheti cha EDGE, kile cha kimataifa cha majengo ya kijani, kinafaa kwa nyumba ya vyumba kumi?
*Fundi, Githurai*

Kinataka uonyeshe umeokoa angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na pia upande wa kutengeneza vifaa vya ujenzi. Kinawafaa wakubwa wanaotafuta wawekezaji. Kampuni ya Acorn kwa mfano walikusanya shilingi bilioni 4.3 mwaka 2019 kwa hati fungani za kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya kijani, wakajenge hosteli za wanafunzi, na riba ya hati kama hizo haikatwi ushuru. Vyumba kumi, bana, hiyo pesa ya cheti nunua tenki ya pili.