Babu Aliyepiga Tarumbeta Burma

SWALI: Mhariri, babu mzaa baba alitoka Tanga akaenda Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, naye alikuwa mpiga tarumbeta. Alirudi salama, lakini nyumbani imebaki nishani tu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na wazee wenu kabla ya nyaraka, ndugu yangu, kwa sababu karatasi zitaendelea kungoja, ilhali wazee hawatangoja. Uliza nyimbo alizoziimba, majina ya wenzake, na hasa cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho huenda kimo katika sanduku la bibi. Namba yake ya jeshi na batalioni yake ndizo zitakazokufungulia mlango.

Ukishaijua batalioni, tafuta shajara zake za vita katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza huko Kew, London, kwenye fungu lenye namba WO 172. Shajara hizo humtaja askari wa kawaida kwa nadra, ila zitakuonyesha siku kwa siku kikosi kilipokuwa, kwa mfano Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944.

Chunguza pia kama alikuwa wa bendi ya batalioni au wa kikosi cha burudani, kama kile alichotumikia mwanamuziki wa Kenya Fundi Konde. Tofauti hiyo ni kubwa: katika mila ya jeshi la Uingereza, wapiga bendi waliweka ala chini wakati wa mapigano wakabeba majeruhi kwa machela.