Kabla ya Kwenda Naivasha, Pitia Mazeras

Nilipokuwa natengeneza baraza ya nyumba yetu Kisauni, fundi alitenga jiwe moja la mazeras, yale mawe bapa tunayotandika uani. "Mwalimu, hili bovu, lina mikunjo." Nikalipangusa vumbi. Haikuwa mikunjo bali viwimbi vya mchanga, kama vile unavyovikanyaga Nyali maji yakipwa, ila hivi vimekuwa jiwe.

Jiwe lile, lililolazwa na maji ndani ya bonde la ufa la kale, lilinisuta. Miaka yote darasani nilikuwa nikichora Bonde la Ufa kama bakuli, na mashapo, yaani mchanga na tope vinavyotuama, ndani yamelala sawasawa kama chapati zilizopangwa. Si hivyo. Mara nyingi bonde hudidimia upande mmoja, penye ufa mkubwa, huku upande wa pili ukiinama polepole kuufuata.

Ukitaka wanafunzi waelewe, acha ubao. Chukua sinia, liinamishe kidogo, mwaga mchanga mbichi, usawazishe juu. Inamisha tena upande uleule, mwaga tope, sawazisha. Rudia mara nne, kisha kata kwa kisu. Kila tabaka litakuwa nene upande wa chini, jembamba upande wa juu, na la chini kabisa limeinama kuliko yote. Wangu walinyamaza kimya, jambo ambalo si la kawaida kidato cha pili.

Halafu waulize mashapo yanatoka wapi. Watasema milimani kando ya bonde. Kwa kiasi ni kweli: chini ya magenge hurundikana changarawe na mawe, na tope laini husafiri hadi katikati ya ziwa. Lakini mabega ya bonde huinuka na kuinamia nje. Tana inaanzia Aberdare, ukingoni mwa bonde, kisha inalipa bonde mgongo na kuja kwetu baharini. Ziwa Turkana, kinyume chake, hulishwa na mto unaoingia kwa urefu wa bonde: Omo, kutoka Ethiopia, huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, na tope lake hujenga delta upande wa kaskazini.

Bonde likididimia haraka kuliko linavyojazwa, unapata Ziwa Tanganyika, kina cha mita 1,470 hivi. Mashapo yakishinda mbio hizo, ziwa hugeuka uwanda wa mito.

Na Mazeras, kunakotoka jina la mawe yale ya baraza? Miamba ya mchanga ya huko na Mariakani ina zaidi ya miaka milioni 180. Ililazwa na mito na maziwa katika bonde la ufa la kale, wakati Gondwana, bara kuu la kale, inaanza kupasuka na Madagaska bado haijatuacha. Kwa nauli ya matatu tu, kabla ya kwenda Naivasha kuliona Bonde la Ufa la leo, unaligusa bonde lililokwisha kujaa.

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado chini, maana viwimbi huonekana kwa kivuli chake. Saa sita utaona jiwe tupu, na utamwamini fundi wangu.