Maswali yenu: zile fonti nene zenye mikwaruzo

Wengi mnauliza kuhusu hizi fonti nene zilizochubuka, zinazokaa kama zimegongwa kwa mkono zamani. Haya, twende.

Hiyo mikwaruzo ni urembo tu au ina maana?

Ina historia bana. Zamani herufi kubwa za mabango zilichongwa kwa mbao, zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, maana za madini ya risasi zikiwa kubwa zinakuwa nzito balaa, zinavunjika, na bei yake si mchezo. Mwaka 1827 kule New York, Darius Wells akabuni njia ya kuzichonga kwa mashine, mwaka uliofuata akatoa katalogi, basi mabango yakaanza kupiga kelele. Sasa mbao inachoka, inabonyea, inapasuka, wino haushiki kila sehemu, kwa hiyo penye shimo karatasi inabaki nyeupe. Hicho tunachokiita vinteji, yaani mwonekano wa kizamani, nadhani fundi wa enzi hizo alikiona kasoro.

Nimeandika BARAZA, A zote tatu zina mkwaruzo uleule. Inaniudhi!

Na wanaojua wataona faster. Kwenye mbao kila A ni kipande chake na kimeumia kivyake, haziwezi kufanana hata siku moja. Fonti iliyotengenezwa vizuri huwa na mbadala, nyingi zinaficha toleo la pili kwenye herufi ndogo, yaani ukiandika BaRAZA ile a ya kwanza inatoka kubwa ila mikwaruzo tofauti. Nyingine zinabadilisha zenyewe ukiwasha OpenType, yaani zile mbadala zilizofichwa ndani ya fonti, kwenye programu yako. Ya tatu je? Geuza neno liwe maumbo, shika kifutio, ichubue kidogo mwenyewe. Mimi hata fonti ikiwa na mbadala bado nachubua, siwezi kujizuia.

Naweza kuandikia maelezo marefu?

Hapana. Ukiipunguza ukubwa, mikwaruzo inageuka uchafu. Maneno mawili matatu ya kichwa, chini yake weka fonti safi isiyo na mbwembwe.

Mashine yangu ya kukata stika inachukua milele, shida nini?

Shida ni vidoa vya ile mikwaruzo. Kila kidoa ni umbo linalojitegemea na kisu lazima kikizunguke, halafu ukimaliza unakaa na kibano unang'oa vichembe mpaka macho yanakutoka. Tafuta toleo safi la fonti hiyohiyo, kama lipo. Kwa tisheti za kuprinti hakuna neno, ila vile vidoa vidogo kabisa vitapotea, usinilaumu.

Nimeidownload bure, nimtengenezee mteja logo?

Soma leseni kwanza, bure mara nyingi ni kwa matumizi binafsi tu, kazi ya pesa unalipia. Na kabla hujalipa andika NG'OMBE, maana nyingi ya hizi zina herufi tu, alama hamna, unakuta ile ' imetoka kiboksi kitupu au imeazimwa kwenye fonti nyingine, nyembamba kama sindano katikati ya mabonge.