Kabla ya Kununua Barolo ya Zamani

Wanaoniomba ushauri kuhusu Barolo ya zamani, mvinyo mwekundu wa Italia, karibu wote huanza na swali la mwaka wa mavuno. Ni swali la haki, kwa kuwa mavuno ya 2010 na 2016 yalitoa mvinyo wa kudumu miongo kadhaa, ilhali 2003 ulikuwa mwaka wa joto kali na 2014 wa mvua nyingi. Hata hivyo, tangu nihamie Turin na kuanza kuvizuru vilima vinakotoka mvinyo huu, nimeamini kwamba yako maswali mawili ya kutangulia: zabibu zake zililimwa kilima gani, na chupa yenyewe imehifadhiwa wapi tangu itoke kwa mtengenezaji.

Barolo hutoka katika vilima vya Langhe, kusini-magharibi mwa mji wa Alba, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Sheria inairuhusu itengenezwe katika maeneo ya vijiji 11 tu, kwa zabibu za aina moja, nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine. Mzabibu huu huchipua mapema na kuchelewa sana kuiva, hata mavuno yake mara nyingi huangukia Oktoba, ukungu ukiwa umekwisha kutanda mabondeni. Ndiyo maana wakulima huutengea miteremko inayopata jua zuri zaidi, hasa ile inayoelekea kusini, na sehemu nyingine wakapanda zabibu za aina ya barbera na dolcetto.

Upande wa magharibi, kijijini La Morra na katika sehemu kubwa ya kijiji chenyewe cha Barolo, mvinyo hulainika mapema na kunukia kwa upole. Upande wa mashariki, hasa Serralunga d'Alba, udongo ni wa kale zaidi na mvinyo wake una ukakasi mwingi unaochukua miaka kutulia. Kwa hiyo, mwenye chupa ya miaka kumi kutoka La Morra namshauri aifungue bila wasiwasi. Mwenye chupa ya umri huohuo kutoka Serralunga, ikiwa ni ya mwaka mzuri, namsihi avumilie. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, kati yake 18 ikiwa ndani ya mapipa ya mbao, na ile iitwayo Riserva ikae miezi 62. Hiyo ni ruhusa ya kuuza tu. Kukomaa ni jambo jingine.

Kwenye uhifadhi ndiko fedha nyingi zinakopotea. Chupa iliyosimamishwa dirishani mwa duka, juani na chini ya taa, siinunui hata ikishushwa bei kwa nusu. Ishike chupa, uielekeze kwenye mwanga, utazame mvinyo umefika wapi: ukiwa bado shingoni, karibu na kizibo, ni dalili njema, kushuka kidogo baada ya miaka 30 ni kawaida, lakini ukiwa umeshuka hadi katikati ya bega, ujue hewa imekwisha kuingia. Kizibo kilichojisukuma juu kidogo, au utando mkavu wa mvinyo uliochuruzika chini ya karatasi ya shingo, huashiria kwamba chupa iliwahi kupata joto. Lebo yenye madoa ya unyevu hainitishi kamwe, kwa sababu ghala zuri la chini ya ardhi lina unyevu.

Nyumbani, ilaze gizani kwenye nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Anayeichukua kwenda Dar es Salaam au Mombasa asiiweke kabatini jikoni kwa matumaini ya kuifungua miaka mitano baadaye. Kama hana friji maalumu ya mvinyo, ni heri ainywe mapema na wageni wake.

Siku moja au mbili kabla ya kuifungua, isimamishe ili mashapo yatue. Chomoa kizibo polepole, kwa maana cha miaka mingi humeguka, kisha umimine kwa mkono mmoja usiotikisika, mwanga ukiwa nyuma ya shingo, na uache mara tu unapoona uzi mweusi wa mashapo ukikaribia. Barolo ya miaka kumi na mitano hufaidika na saa kadhaa ndani ya jagi la kioo, lakini ile ya miaka 40 mimi huipeleka glasini moja kwa moja, kwani harufu yake huweza kupotea upesi.

Usiishuku rangi yake. Nebbiolo haina wekundu mzito hata ikiwa changa, na ikizeeka ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe utaona ukingo wa rangi ya tofali. Harufu ndiyo itakayokujibu: waridi lililokauka, lami, ngozi, majani makavu. Ikinuka siki, au kadibodi iliyolowa, imeharibika, na kusubiri hakutaiponya.

Iandae pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, jinsi wenyeji wanavyofanya, na ujihadhari na pilipili, kwa sababu huamsha ukakasi na kufunika yote uliyoyasubiri. Kinachobaki kwenye chupa changa kizibe, ukiweke kwenye friji, ukinywe kesho yake. Chupa iliyokwisha kuzeeka imalizeni palepale mezani.