Umeanza ngumi ukubwani na unataka kupanda ulingoni? Anza na miguu

Wadau, nakutana na watu wengi wa miaka 25, 28, hata 33 wanaulizia kuanza ngumi, na sio kwa ajili ya kupunguza kitambi, wanataka siku moja wapigane kabisa. Mi nilianza na miaka 29 hapa Dar, nauza vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikifunga duka jioni napitiliza jimu. Mpaka sasa nimepigana mapambano manne ya ridhaa (ngumi zisizo za kulipwa), nimeshinda mawili, kwa hiyo nawaambia kile nilichopitia mwenyewe.

Umri kwanza maana ndo swali la kila mtu. Kwenye ridhaa daraja la wakubwa ni miaka 19 mpaka 40, muda upo. Deontay Wilder wa Marekani alianza mwaka 2005 akiwa na miaka kama 20, mwaka 2008 akarudi na medali ya shaba ya Olimpiki kutoka Beijing. Ila kijana wa miaka 20 akichoka leo kesho yuko fresh, wewe wa 30 unayebeba mifuko ya saruji mchana kutwa huwezi kujilinganisha naye. Mi nilikuwa nafanya siku sita kwa wiki nikawa naumwa kila kitu, kocha akanishusha siku nne na hapo ndo nikaanza kuona mabadiliko.

Sasa miguu. Nilifika jimu nikiwa natoka kunyanyua vyuma, mabega makubwa, najiona niko tayari, kocha akachora mstari wa chaki kwenye sakafu akaniambia nitembee hapo, mguu wa mbele unaanza wa nyuma unafuata, miguu isigusane wala isikutane, kurudi nyuma hivyo hivyo. Wiki tatu sijagusa begi la kupigia ngumi! Niliumia roho kweli maana watoto wa sekondari walikuwa wanapiga mbele yangu. Baadaye nilielewa. Sisi tunaoanza wakubwa tunakuja na nguvu na zile nguvu ndo zinatuchelewesha, bega limekaza, ngumi inasukuma badala ya kupiga na kurudi, na ukirusha unabaki umesimama kama nguzo mtu anakuchagulia pa kukupiga. Kwa hiyo ukipata kocha anayekukatalia begi mwanzoni usihame jimu, huyo anajua kazi yake.

Kingine ni pumzi. Sparing yangu ya kwanza (kupigana kwa mazoezi na mwenzako) ilikuwa mwezi wa nne tangu nianze, nimewekwa na dogo wa miaka 19 ambaye nimemzidi kama kilo kumi hivi, kengele imelia nikabana pumzi bila kujua, narusha tu, kufika dakika ya pili mikono haipandi. Naiona glovu yangu iko kiunoni, naiambia ipande haipandi. Yule dogo hakuniumiza, alinigusa gusa na jebu (ngumi nyepesi ya mkono wa mbele) mpaka muda ukaisha (namshukuru mpaka leo). Toa pumzi kila unaporusha, hata ngumi ikikosa toa, ifanyie mazoezi kwenye shadoo (kurusha ngumi hewani peke yako) mpaka ikae yenyewe maana ukiwa na hofu ndo kitu cha kwanza kusahau. Na kimbieni jamani, raundi ya dakika 3 mara tatu ukiisoma unaona ni ndogo, ukiwa ndani ni ndefu.

Bandeji msizipuuze. Nunua zile ndefu za mita nne na nusu, jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine ipo. Zungusha kwenye kifundo cha mkono kwanza, panda kwenye vifundo vya vidole, pita katikati ya vidole, malizia tena kwenye kifundo cha mkono, ukikunja ngumi ikae imara na ukifungua vidole visife ganzi. Siku moja nilichelewa nikafunga haraka haraka, mkono ukapinda kwenye begi, wiki tano siwezi kunyanyua hata ndoo ya rangi dukani, na kipato changu ni ule mkono.

Kichwa sasa, hapa naomba mnisikilize sana. Kinga ya kichwa inasaidia usichanike, haizuii ubongo kutikisika ndani. Ngumi nyingi utakazopigwa maishani utapigwa jimu, sio kwenye pambano, kwa hiyo jimu ambayo kila Jumamosi watu wanapigana kufa na kupona na kocha anashangilia, ondoka. Sparing iwe na glovu kubwa, aunsi 16 kwa mtu wa kawaida, kinga ya meno lazima, na mkubaliane kabla mnaenda kwa nguvu gani. Ukirudi nyumbani kichwa kinagonga, mwanga unakuumiza, unasikia kichefuchefu, hiyo ni hospitali na mapumziko, usijikaze. Kwenye ridhaa ukipigwa knockout ya kichwa unakaa nje si chini ya siku 30, na sparing imo humo humo.

Halafu kuna hili la ngumi za kulipwa. Promota akiishiwa mtu wa utangulizi anakuja jimu anaangalia nani ana mwili, na mwenye mwili ni wewe mgeni mtu mzima. Mwenzetu mmoja alikubali akiwa na miezi mitano tu, raundi ya pili akalala, aliyemchukua simu hapokei, matibabu tukachangishana sisi. Kule glovu ni ndogo, aunsi 8 au 10, na hakuna anayekuonea huruma. Watu wananitolea mfano wa bondia wetu Hassan Mwakinyo, kwamba mwaka 2018 aliitwa ghafla Birmingham, Uingereza, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2. Sawa kabisa, ila alikuwa tayari ana mapambano zaidi ya kumi ya kulipwa mgongoni! Na ridhaa sio kitu kidogo, Michael Yombayomba alituletea dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 kutoka Kuala Lumpur kupitia ridhaa. Pigana huko kwanza kupitia klabu yako, pimwa afya, zoea kengele na kelele za watu.

Uzito wa pambano la kwanza pigana ule unaotembea nao. Ukianza kukimbia na nailoni juani ili upunguze kilo unapanda ulingoni umekauka maji na kichwa hakina nguvu ya kuhimili. Mi la kwanza niliingia na kilo zangu zile zile, asubuhi nikapima, nikanywa uji na ndizi mbili, nikalala kidogo. Nilipoteza kwa pointi. Raundi ya tatu kocha alikuwa anapiga kelele kitu kimoja tu, "miguu, miguu", na nilikuwa bado naweza kuisogeza.