Jibu: Rangi nne zatosha

Dada, umeuliza chati ya siku itiwe rangi ngapi, maana yako ina tisa na huielewi. Mimi nina nne tu. Nilichora duara la saa 24 kwenye karatasi ya manila kwa kufuatisha sinia, kila saa nyuzi 15, nikapaka: buluu usingizi, nyekundu kazi, kijani nyumba na watoto, manjano njiani.

Hiyo manjano ndiyo iliyoniumbua. Nakaa Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, na kibanda changu kiko soko la Kongowea, na safari nilikuwa nimeiandikia nusu saa. Wapi! Foleni ya feri peke yake yaweza kuimaliza, bado gari la matatu hadi sokoni. Nilipopaka kwa haki, zikatoka saa tatu kwenda na kurudi. Kumbe muda ulikuwa ukiishia njiani, si uvivu wangu wa kupika.

Swala tano sikuzipa rangi. Nimezitia mistari ya penseli, kwani nyakati zasogea kidogo kidogo.

Anza na usingizi, mengine yabanane. Na uwache kipande cheupe baada ya alasiri. Wageni wa Mombasa hawapigi simu kwanza. Ibandike mlangoni mwa friji, si kwenye simu.